Kulea watoto ukiwa kwenye kemo: ijue kalenda ya siku 21

Kemo ni dawa kali za kuua seli za saratani. Karatasi ya hospitali ikisema "dozi 8, kila baada ya siku 21", wengi husoma dawa tu. Hiyo pia ni ratiba ya nyumba. Ni wiki 24, karibu miezi 6, na kila mzunguko una siku za kulala, siku za kujikinga na siku za kufanya kazi kama kawaida. Siku hizo hurudi kwa mpangilio uleule, kwa hiyo unaweza kujua mapema ni Jumanne ipi utahitaji mtu wa kuwaogesha watoto na Jumamosi ipi utaweza kuwasuka mwenyewe.

Tunazungumzia hasa mama mwenye saratani ya titi anayewekewa dripu kila wiki 3. Baba, au mwenye saratani nyingine, aulize wodini tarehe zake, maana dawa zingine hutolewa kila wiki. Namna ya kupanga nyumba haibadiliki sana.

Siku ya 1 hadi ya 5

Dawa nyekundu, doksorubisini, hutia mkojo wekundu kwa siku moja au mbili. Waambie watoto wanaotumia choo kimoja na wewe kabla hawajaona, la sivyo watadhani mama anatoka damu. Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo, matapishi na kinyesi huwa na mabaki ya dawa. Anayesafisha avae glovu. Choo cha kuvuta kivutwe mara mbili kikiwa kimefunikwa. Cha shimo kimwagiwe maji kando kando na kufunikwa. Shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake, mara mbili. Ndoo ya matapishi asipewe mtoto kumwaga, hata kama ndiye mwenye mikono myepesi kuliko wote nyumbani.

Zaidi ya hapo hakuna cha kuogopa. Wakukumbatie, walale ubavuni, mle sinia moja. Hata mionzi ya mashine, ile unayolala chini yake dakika chache kisha unaondoka, haibaki mwilini. Iyodini yenye mionzi ya kumeza kwa saratani ya tezi ya shingo ina masharti yake ya kukaa mbali na watoto, na huenda hapo ndipo ulipoanzia uvumi kwamba mgonjwa wa saratani hakumbatiwi. Kunyonyesha ndiko kunakosimama kabisa wakati wa kemo, kwa sababu dawa hupita kwenye maziwa.

Jambo ambalo familia nyingi haziambiwi ni habari ya deksamethasoni, vidonge vinavyotolewa pamoja na dripu kuzuia kichefuchefu na mzio. Hunyima usingizi na kumfanya mtu awe mkali. Mama aliye mpole siku zote anaweza kufoka siku ya 2 kwa sababu ya kikombe kilichoanguka, na siku ya 4 au ya 5, vidonge vikiisha, akalia bila sababu. Avimeze asubuhi na mchana, si usiku, kama daktari hakupanga vingine, na watoto waambiwe mapema: "Kesho na keshokutwa dawa itanifanya niwe mkali. Si nyinyi." Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi siku hizo.

Dawa ya kichefuchefu imezwe kwa saa, usisubiri utapike. Ondansetroni hufunga choo, basi kunywa maji na kula papai tangu siku ya kwanza. Chakula kilichopoa hakinuki sana. Uji wa ulezi nusu kikombe kila saa mbili hukaa tumboni kuliko sahani ya wali. Jiko la mkaa litolewe uani, na vitunguu akakaange jirani. Vidonda vya mdomoni huanza baadaye kidogo: sukutua mara 4 hadi 6 kwa siku kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha chai cha baking soda. Usitumie dawa za kusukutua zenye spiriti.

Siku ya 7 hadi ya 14: nyuzijoto 38

Wiki hii chembe nyeupe za damu hushuka kabisa. Mama anaweza kujisikia ameamka vizuri, akarudi sokoni na msibani, na hapo ndipo hatari inapoingia. Nunua kipimajoto kabla ya dozi ya kwanza. Kikisoma 38 au zaidi, hata mara moja, hata saa nane usiku, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Usimeze paracetamol kwanza; itashusha joto na kuficha ugonjwa.

Makosa hutokea hapa mara nyingi. Mgonjwa mwenye homa akifika zahanati hupimwa malaria, na ikionekana hupewa mseto na kurudishwa nyumbani. Malaria inaweza kuwepo, na maambukizi ya bakteria yawepo pia. Kwa hiyo sentensi ya kwanza mapokezi iwe: "Niko kwenye kemo, dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, nina homa." Kisha iombwe picha kamili ya damu. Kama kituo hakiwezi kupima wala kuchoma antibayotiki usiku huo, watoe rufaa mara moja. Mfuko ukae tayari karibu na mlango, ndani yake kadi ya matibabu, orodha ya dawa, kadi ya bima, nauli, chaja. Jina la mtu atakayelala na watoto liandikwe ukutani, na mtu huyo awe amekubali kabla, si kuamshwa kwa mshtuko.

Watoto ndio huleta mafua nyumbani, na huwezi kuwafukuza. Wanawe mikono kwa sabuni wakitoka shule kabla ya kukugusa, wala usiogope zaidi ya hapo. Tetekuwanga ni habari nyingine: ikimpata mtoto na mama hajawahi kuiugua, aende kwa daktari wake siku hiyohiyo, asisubiri upele. Mtoto mchanga akipelekwa kliniki, muuguzi aambiwe kwamba mama yuko kwenye kemo kabla ya matone ya polio kutolewa, kwa sababu virusi dhaifu vya matone hayo hutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Nepi zibadilishwe na mwingine. Chanjo ya surua mtoto apewe kama kawaida.

Kachumbari, mayai yasiyoiva na maziwa mabichi viachwe. Na kama umeondolewa matezi ya kwapa, mkono wa upande huo usipimwe presha, usitobolewe sindano, usibebe ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa mgongoni naye hubebwa na wengine mpaka daktari wa upasuaji aseme.

Waambie jina lake

Ukimwambia mtoto "mama anaumwa tu", siku utakapopata malaria, au atakapoumwa yeye, atadhani nywele zitanyonyoka na nyumba itajaa watu. Taja saratani, au kansa, ili itofautiane na homa nyingine zote. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 ana maswali matatu ambayo pengine hatayauliza: je, ni mimi niliyesababisha? Nitaambukizwa? Nani atanilea? Yajibu bila kuulizwa. La tatu lijibiwe kwa jina: "Nikiwa hospitali, mama mdogo atalala hapa, na bibi atakuja Ijumaa." Jibu la "usijali" linamwacha na swali lake.

Nywele huanza kutoka wiki ya 2 au ya 3 baada ya dozi ya kwanza. Zinyolewe kabla, mchana, watoto wakiwepo. Kilemba au mtandio wachague wao wakitaka. Vijana wa sekondari hawahitaji maelezo mengi, ila wanahitaji kupunguziwa mzigo: binti wa kidato cha nne ndiye hugeuzwa mpishi, mfuaji na mlezi pasipo mtu kuamua hivyo. Mwalimu wa darasa aambiwe.

Anayesafiri kwa mionzi, Ocean Road Dar es Salaam au Bugando Mwanza, atakaa mbali wiki kadhaa. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa. Ya shingo ya kizazi mara nyingi ni vikao 25, yaani wiki 5, na ile ya ndani, ambayo kifaa chake huingizwa ukeni, huongezwa juu yake. Mashine huharibika, damu hupungua, vikao husogezwa. Watoto usiwaambie "nitarudi tarehe 14". Waambie "wiki 5, pengine 7", na simu ipigwe saa moja ileile kila jioni. Kadi ya kliniki, ada na ruhusa za shule viachwe kwa mtu mmoja anayejulikana shuleni.

Dua, maombi na dripu

Imani huwabeba wengi hapa kuliko kitu kingine chochote, na ina mahali ambapo huumiza watoto. Mtoto akiambiwa "omba sana, mama atapona", siku hali ikiwa mbaya ataamini maombi yake hayakutosha. Ombeni naye ya leo: mama alale vizuri, dawa ifanye kazi, sisi tusiogope.

Mfungo wa Ramadhani umeruhusiwa kuachwa na mgonjwa kwa aya iliyo wazi, Al-Baqara 185. Siku zitalipwa afya ikirudi, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kulisha maskini. Swala inasaliwa kwa kukaa au kulala, na wakati wa kutawadha, juu ya bandeji hupanguswa tu kwa mkono wenye maji. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho pekee; unaweza kuuomba kabla ya upasuaji, na Komunyo ikaletwa nyumbani wiki ya kujikinga.

Atakuja mtu wa kusema uache dripu kwa kuwa ni ukosefu wa imani. Mwislamu ana hadithi ya kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mungu. Mkatoliki ana sura ya 38 ya Yoshua bin Sira inayoagiza daktari aheshimiwe. Wanaokumbuka mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, na kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, wanakumbuka pia wagonjwa walioacha dozi zao. Mitishamba ya kunywa, hata ya nia njema, inaweza kugombana na kemo kwenye ini. Ipeleke kwa daktari kwenye chupa yake kabla ya kuonja.

Watu wengi, kazi chache zilizotajwa

Jumuiya, kikundi cha madrasa, VICOBA, majirani: wote husema "ukihitaji kitu tuambie", nao wanamaanisha. Mgonjwa hasemi. Teueni mratibu mmoja, asiwe mgonjwa wala mwenzi wake, mwenye kalenda ya siku 21 mkononi. Yeye ndiye anayegawa: siku ya 1 hadi ya 5 maji na chakula cha jioni, siku ya 7 hadi ya 14 soko na kuwapeleka watoto shule. Siku ya 15 na kuendelea watu wapungue, mama apike mwenyewe akitaka. Watoto wanahitaji kumwona jikoni.

Michango ina tabia yake. Mwezi wa kwanza hufurika, mwezi wa nne hukauka, ilhali nauli na vipimo vinaendelea mpaka wa sita. Badala ya mchango mmoja mkubwa, ombeni ahadi kwa dozi: huyu dozi ya 5, wale dozi ya 6. Mweka hazina awe mwingine, si mratibu. Asiyemudu gharama aende ustawi wa jamii wa hospitali na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji mapema, kabla deni halijapanda.

Wageni wa kuombea wiki ya pili wasizidi wanne, nusu saa, wamenawa, asiwepo mwenye kikohozi. Mikesha na misiba mama atume salamu.

Siku ya 19 au ya 20 damu hupimwa tena. Chembe zikiwa hazijapanda, dozi husogezwa wiki moja, na si dalili kwamba ugonjwa umeshinda. Mratibu ajulishwe jioni hiyohiyo ili aliyepangiwa kulala na watoto asije bure.