Kabla hujafungua kabureta, sikiliza mlipuko unatokea upande gani

Mkuu, umesema Hilux yako ya kabureta inalipua ukiikanyaga mlimani, plagi umeweka mpya, na fundi anataka kufungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwa mara ya pili. Tafadhali mzuie kwanza. Mimi yalinikuta na Land Rover 109 ya petroli niliyokuwa nabebea machungwa ya Muheza. Nililipia kusafishwa kabureta mara tatu, na ugonjwa haukuwa huko.

Mlipuko ukitokea juu, kwenye mdomo wa kabureta, mara nyingi injini ina njaa: hewa nyingi, petroli kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo unaungua polepole, valvu ya kuingizia inafunguka moto haujaisha, unarudi ulikotoka. Ukitokea kwenye ekzosi, kuna petroli inayotoka haijaungua: plagi inamisi (inaruka cheche), taimingi (wakati wa cheche kupigwa) imechelewa au kabureta inamwaga. Na kama inalipua nyuma wakati wa kuteremka, mguu umeutoa kwenye pedali, kagua gasketi ya ekzosi. Pakivuja, hewa inaingia na kuwasha mabaki ndani ya bomba.

Yangu ililipua juu. Tambarare ilikwenda vizuri, lakini nikianza kupanda kuelekea Amani inakohoa, inapasua, inazima. Nikipumzika dakika kumi inawaka kama haijawahi kuumwa. Zile dakika kumi ndizo zilizokuwa na jibu, sisi tukaziita bahati. Siku moja imezima, nikafungua kifuniko cha tangi nione kama mafuta yamebaki. Ikalia fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu mpaka nikaisikia kwenye kiganja. Kifuniko kilikuwa kipya, nimekinunua mwenyewe, hakina tundu la kupumulia. Pampu inavuta, tangi halipati hewa, petroli inagoma kuja. Ukisimama, hewa inapenya taratibu na gari inapona.

Kwa hiyo endesha mpaka iugue, kisha fungua kifuniko papo hapo usikilize. Ikiwa kimya, subiri injini ipoe kabisa na sigara isiwe karibu. Chomoa waya wa koili inayotengeneza umeme wa plagi, chomoa bomba la mafuta pale kabureta, ulielekeze kwenye chupa, mwenzako apige stata. Petroli iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ikidondoka tu, rudi nyuma: filta, mpira wa pampu, mabomba hadi tangini. Chupa iache itulie, uitazame juani. Vumbi jekundu likikaa chini, tangi lina kutu, na kabureta utasafisha kila mwezi usipolishughulikia hilo tangi.

Mafuta yakija vizuri, injini ikiwa inanguruma nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya manifodi ya kuingizia, yale mabomba yanayopeleka mchanganyiko kutoka kabureta hadi kwenye injini. Mlio ukibadilika, hapo inavuta hewa. Wengine hunyunyiza petroli. Nakusihi usifanye hivyo.

Nyaya za plagi sidhani. Zingepishana na mpangilio wa 1-3-4-2, yaani zamu ya silinda kuwaka, ingelipua hata gari ikiwa imesimama inanguruma, na yako inasumbua mlimani tu. Lakini sisi wa Tanga tunaishi na chumvi ya bahari, kwa hiyo fungua kifuniko cha distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, uone kama vishikizo vya ndani vimeota ukoga. Usiku, mahali penye giza, inua boneti injini ikiwa inawaka. Cheche za buluu zikitambaa juu ya nyaya, badilisha seti nzima. Kama bado inatumia pointi, ile swichi ndogo ndani ya distribyuta, kisigino chake kikilika nafasi kati ya pointi inapungua na taimingi inachelewa. Kwenye 109 nafasi hiyo niliweka kati ya milimita 0.35 na 0.40, ya Hilux fuata kitabu chake.