Shangazi, niache dawa mpaka nijifungue?

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31 na huu ni mwaka wa tano natumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nameza kidonge kimoja kwa siku, kile chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Nilipopimwa mara ya mwisho virusi havikuonekana, lakini hiyo ilikuwa kabla ya harusi, yapata miezi 11 sasa. Mume wangu hajui. Vidonge nimevihamishia kwenye kopo la vitamini, liko bafuni, nameza alfajiri kabla hajaamka. Siku akiwahi kuamka naruka, halafu kesho yake nameza viwili kufidia. Sasa nina ujauzito wa wiki 14. Kliniki ya wajawazito wamenipa vidonge vya kuongeza damu, navimeza palepale na kidonge changu, tumbo likiwa tupu, ili nimalize yote mara moja. Kiungulia kikinishika natafuna vile vidonge vyeupe vya kutuliza asidi. Waliponitaka nipime VVU niliwadanganya kwamba nilipima mwezi uliopita na sina kitu. Juzi nimesoma mtandaoni kuwa dawa hii inaharibu uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Shangazi, niache dawa mpaka nijifungue?
Mwenye Kopo"

Marahaba, mwanangu. Usiache. Hata kwa wiki moja. Nalitanguliza jibu kwa sababu najua wapo wanaosoma mistari mitatu ya mwanzo kisha wakaenda zao. Wewe baki, maana ulichoniuliza ni kimoja na kilichonishtua kwenye barua yako ni kingine.

Hofu yako ina chanzo. Mwaka 2018 watafiti nchini Botswana, waliokuwa wakifuatilia maelfu ya watoto wanaozaliwa hospitalini, walitoa tahadhari kwamba kasoro za uti wa mgongo na ubongo zilionekana kuzidi kidogo kwa watoto ambao mama zao walishika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegraviri. Habari ikasambaa duniani, na wanawake wengi wakanyimwa dawa hiyo. Lakini utafiti haukuishia hapo. Watoto waliohesabiwa walipoongezeka, tofauti ile ikazidi kupungua mpaka haikuonekana tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hii iwe ya kwanza kwa watu wazima, wajawazito na wanaotarajia kupata mimba wakiwemo. Ulichosoma juzi ni tahadhari ya mwaka ule, bado inazunguka mtandaoni kama tangazo la msiba wa mtu aliyekwisha kurudi nyumbani akiwa mzima.

Na hebu tazama kalenda. Sehemu ya uti wa mgongo iliyotiliwa shaka hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Wewe uko wiki ya 14. Ukiacha dawa leo humkingi mtoto na chochote, ila unawafungulia virusi mlango.

Virusi hivyo havijatoka mwilini mwako, mwanangu. "Havikuonekana" maana yake ni kwamba vilivyobaki kwenye damu ni vichache mno kwa mashine kuvihesabu. Vingine vimelala ndani ya baadhi ya chembe zako za kinga, mahali ambapo dawa haiwezi kuviondoa. Ukisimamisha dawa, kwa watu wengi huamka na kuanza kuzaliana ndani ya wiki chache. Mama asiyetumia dawa yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mtoto kuanzia tumboni hadi kwenye kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Sasa weka pembeni yake takwimu ya Ufaransa: kati ya mwaka 2000 na 2011 walifuatilia watoto 2,651 ambao mama zao walianza dawa kabla ya mimba, hawakuziacha, na virusi vyao vilikuwa vimefubaa wakati wa kujifungua. Aliyeambukizwa hakuwepo hata mmoja. Wanawake wale walianza pale unapoanzia wewe, yaani na dawa mkononi kabla ya mimba. Ndiyo maana nakasirika kidogo, naomba unisamehe, nikisikia unataka kuitupa nafasi hiyo kwa sababu ya habari iliyochacha.

Kuna jambo dogo ambalo watu hulisahau. Tenofoviri na lamivudini hudhibiti pia virusi vya homa ya ini aina ya B. Mtu mwenye ugonjwa huo akiacha kidonge ghafla, ini linaweza kuwaka vibaya. Uliza kama uliwahi kupimwa.

Haya, tuje kwenye kilichonishtua. Ni ile alfajiri yako.

Dolutegraviri inafanya kazi kwa namna ya kupendeza. Ili kirusi kijipachike ndani ya chembe yako kinahitaji kimeng'enya fulani, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila chembechembe za madini zilizokaa katikati yake. Dawa huyang'ang'ania madini hayo na kuziba njia. Tabia hiyohiyo ya kung'ang'ania madini ndiyo inayoigeuka tumboni mwako. Inapokutana na madini ya chuma ya vidonge vya damu, tumbo likiwa tupu, inayashika hukohuko tumboni na kupita nayo bila kuingia kwenye damu. Dawa inayofika kwenye damu hupungua kwa zaidi ya nusu. Hivyo vyeupe vya kiungulia ndivyo vibaya zaidi, kwa kuwa vingi vina magnesiamu na alumini. Vikimezwa pamoja na dolutegraviri, takriban robo tatu ya dawa hupotea.

Kwa hiyo hata zile asubuhi ulizojihesabia kuwa umemeza, mwili wako ulipata kipande tu.

Dawa yake ni rahisi, na hailazimu kuacha kitu. Vidonge vya damu unavihitaji, endelea navyo. Ila vimeze pamoja na kidonge chako wakati wa mlo, si tumbo tupu. Chakula kikiwepo, mgongano huo wa madini ya chuma na dawa hauleti shida. Ukipenda kuvitenganisha, kidonge cha virusi kitangulie kwa saa 2, au kije saa 6 baada ya vile vya damu. Vidonge vya kalsiamu, endapo watakupa, vinafuata utaratibu uleule. Hivyo vya kiungulia havina msamaha wa chakula: kidonge chako saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, basi. Mwambie mkunga kiungulia kinakusumbua, zipo dawa nyingine zisizogombana na hii. Na kitu chochote utakachopewa huko mbele, kiwe cha kifafa, cha kisukari, cha kifua kikuu au cha mitishamba, kabla hujakiweka mdomoni sema unatumia nini. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, kwa mfano, huifanya dolutegraviri imalizike haraka mwilini hadi inabidi imezwe mara mbili kwa siku. Hilo hupangwa na daktari, mtu halipangi mwenyewe chumbani.

Halafu nani alikwambia lazima iwe alfajiri? Kidonge hiki humezwa saa yoyote, ili mradi saa hiyo iwe ileile kila siku. Kama asubuhi inakutapisha, hamishia kwenye mlo wa jioni. Wachache huwakosesha usingizi kikimezwa usiku. Ukiona hivyo, rudi kwenye mlo wa mchana. Na hili la kumeza viwili kesho yake liache. Kidonge cha jana hakilipwi leo. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa 4 kufikia kingine. Hapo subiri hicho kingine, kimoja tu.

Kuhusu kopo nina maneno. Lile kopo la dawa lililotoka kliniki lina kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, na vidonge vinatakiwa vikae humo. Wewe umevitoa ukavipeleka bafuni, kwenye mvuke. Tena umeviandika "vitamini". Siku mumeo akijisikia mchovu akaamua kujitibu kwa vitamini za mke wake, itakuwaje? Nilicheka nilipoifikiria, kisha nikaacha kucheka.

Maana hapo ndipo tunapomfikia mumeo.

Ungeniandikia kwamba unameza kila siku bila kuruka na virusi vimeendelea kutoonekana, ningekuambia kwa moyo mkunjufu kwamba kwa tendo la ndoa humwambukizi. Hilo limepimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliwafuatilia wenzi jozi 888 katika nchi 14 za Ulaya, mmoja ana virusi vilivyofubazwa na mwingine hana, walioshiriki tendo bila kondomu takriban mara 58,000. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake. Ila wewe una kipimo cha miezi 11, siku za kuruka, na vidonge vya damu juu yake. Inawezekana kabisa uko salama bado, kwani kidonge hiki ni imara na husamehe makosa kuliko dawa nyingi za zamani. Mimi lakini nisingeapa, na wewe usiape.

Kwa hiyo wiki hii, si mwezi ujao, nenda kliniki unakochukulia dawa. Waambie una mimba, waambie kuhusu kuruka na kuhusu vidonge vya damu, uwaombe kipimo cha wingi wa virusi. Sema yote. Kazi ya yule mhudumu si kukugombeza, na akikugombeza omba mwingine. Kikija virusi vimepanda, haina maana dawa imeshindwa. Mara nyingi ukirekebisha umezaji vinashuka tena, na wataharakisha kwa sababu ya mtoto. Watapima pia figo, kwa kuwa tenofoviri huwasumbua baadhi ya watu hapo. Dolutegraviri nayo hupandisha kidogo kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoangalia figo, bila figo kuwa na hitilafu, basi usishtuke kabla hujaelezwa. Kipimo cha wingi wa virusi kirudiwe mimba ikiwa na wiki 34 hadi 36, maana majibu yake ndiyo yatakayoongoza mpango wa kujifungua.

Kisha nenda kliniki ya wajawazito ukaufute ule uongo. Hili najua ndilo zito. Sasa hivi una kliniki mbili na kila moja inamtibu nusu mtu: moja haijui una mimba, nyingine haijui una virusi. Ndiyo maana hakuna aliyekwambia habari ya madini ya chuma. Aliyekupa vidonge vile hakujua vinakwenda kukutana na nini. Na mtoto akizaliwa anatakiwa apewe dawa ya kinga kwa wiki kadhaa kuanzia mapema kabisa, kisha apimwe kwa kipimo maalumu akiwa na wiki 4 hadi 6. Watampaje kama hawajui? Kunyonyesha nako kunahitaji mazungumzo. Wale watoto wa Ufaransa hawakunyonyeshwa. Mama akiwa na virusi vilivyofubaa hatari kwenye maziwa huwa ndogo sana, lakini haifiki sifuri, kwa hiyo umezaji wako kipindi hicho unatakiwa uwe wa kuaminika kuliko wakati wowote.

Umeshaona ninakoelekea. Huwezi kumeza dawa wakati wa mlo, kila siku, saa ileile, kwa miezi sita ya mimba na miaka ya kunyonyesha, katika nyumba ambayo lazima ujifiche bafuni. Mwambie. Ana haki ya kujua, ana haki ya kupima, na akiwa hana virusi ipo dawa kinga, ile inayoitwa PrEP, anayoweza kuitumia huku mkisubiri majibu yako. Mpaka majibu yatoke, tumieni kondomu.

Simaanishi umwambie leo usiku mkiwa wawili taa imezimwa. Kwanza nijibu jambo ambalo hukuliandika: ana mkono mwepesi? Aliwahi kukupiga au kukutisha? Kama ndiyo, usimwambie lolote peke yako. Mweleze mnasihi wa kliniki hivyohivyo, mpange kwanza usalama wako. Kama ni mtu wa kusikiliza, muombe mfuatane kliniki kwa ajili ya mimba, mnasihi awepo, na maneno ya kwanza yatoke kwako: "Nina virusi tangu kabla hatujaoana, natumia dawa, niliogopa kukupoteza, na nimekukosea kwa kunyamaza." Nyamaza hapo. Atakasirika. Anaweza kuondoka chumbani. Mnasihi ndiye atakayemweleza habari za vipimo na kinga. Yakitoka kwako muda ule yatasikika kama utetezi.

Leo jioni, kabla ya yote hayo, anza na mlo: kaa, kula, meza kidonge chako na vidonge vya damu pamoja. Kama asubuhi ya leo umeshameza, anza kesho. Vidonge vilivyokaa bafuni vipeleke kliniki wavitazame, na usiruke dozi kwa sababu hiyo. Ukipata majibu niandikie, nitakuwa nayasubiri.

Na kwenye lile kopo, mwanangu, rudisha vitamini.

Shangazi