Kabla ya Kununua Dawa ya Fangasi wa Kucha, Omba Kipimo

Wengi wanaofika maabara kwetu hapa Kigoma wakiwa na kucha nene, za njano au zinazomeguka, huwa wameshatumia dawa za fangasi kwa muda mrefu bila kupimwa hata mara moja. Kazi yangu ni kupima magamba ya ngozi na vipande vya kucha, na ninaandika haya kwa sababu inaniuma kuona fedha za familia zikiishia kwenye vidonge ambavyo ugonjwa wenyewe haukuvihitaji.

Tafiti za kitabibu zimeonyesha kwamba takribani nusu tu ya kucha zenye sura hiyo ndizo zenye fangasi. Nyingine zimeharibiwa na soriasisi (ugonjwa wa ngozi usiotokana na fangasi), viatu vinavyobana, au jeraha la zamani, na kwa macho matupu hata daktari mzoefu anaweza kukosea. Kipimo chenyewe si kigumu. Ukucha husafishwa kwa spiriti, sehemu iliyokufa hukatwa, kisha hukwanguliwa unga ulio chini yake, hasa pale ugonjwa unapopakana na sehemu yenye afya, kwa kuwa huko ndiko fangasi walio hai hupatikana. Unga huo huwekwa kwenye kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi, huachwa ulainike, na chini ya hadubini fangasi huonekana kama nyuzi zenye matawi zilizopenya katikati ya seli. Ukucha ni mgumu kuliko ngozi, hivyo huchukua muda mrefu zaidi kulainika, na mpimaji mwenye haraka anaweza kuandika kwamba hakuna kitu. Kama jibu ni hasi na daktari bado ana shaka, omba kipimo kirudiwe. Na kama umekuwa ukipaka dawa, mweleze mpimaji mapema, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuficha fangasi.

Akina mama wanaopara samaki mwaloni Kibirizi wana tatizo jingine ambalo mara nyingi huitwa fangasi. Kingo za kucha zao huvimba na kuuma, ile ngozi nyembamba inayoziba mzizi wa ukucha huachia, na ukucha huota ukiwa na mawimbi. Chanzo kikuu hapo ni mikono kulowa kutwa nzima. Antonella Tosti na wenzake nchini Italia walichapisha mwaka 2002 utafiti wa wagonjwa 45 wa aina hiyo, na krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, ilifanya vizuri kuliko vidonge vya fangasi. Hata hivyo, krimu hiyo haitafaa kitu ikiwa mikono itaendelea kulowa, kwa hiyo vaeni glavu za mpira zenye za pamba ndani yake, na mkaushe vidole vizuri kila mnapomaliza kazi.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu steroidi. Ukiipaka kwenye choa, muwasho hutulia na wekundu hufifia, lakini fangasi huendelea kusambaa chini kwa chini, na baka hupoteza ile duara ambayo ingemsaidia daktari kulitambua. Krimu zinazochanganya steroidi na dawa nyingine, zinazouzwa madukani bila cheti cha daktari, zimewaumiza watu wengi kwa namna hiyo.

Fangasi wa kucha wakithibitishwa, mtu mzima kwa kawaida huandikiwa kidonge cha fangasi kiitwacho tebinafini, cha miligramu 250 mara moja kwa siku, kwa wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Mwenye historia ya ugonjwa wa ini lazima aseme kabla ya kuanza. Wiki hizo zikiisha ukucha bado utakuwa mbaya, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaanza dawa nyingine, ilhali ukucha wa mguu huota kama milimita moja na nusu tu kwa mwezi, na huhitaji mwaka au zaidi kubadilika wote. Ninachowashauri wagonjwa ni kuchora kwa tupa alama ndogo kwenye ukucha, pale sehemu nzima inapokutana na iliyoharibika. Alama ikisogea mbele huku nyuma yake ukucha ukiota safi, dawa imefanya kazi. Uharibifu ukivuka alama kuelekea kwenye mzizi, rudi kwa daktari ukapimwe upya.