Kapsuli ya mitishamba iliyoshusha sukari kwa siku nne

SWALI: Baba yangu ana miaka 68 na amekuwa na kisukari kwa muda mrefu. Anatumia metformini. Wiki tatu zilizopita alianza kumeza kapsuli za mitishamba alizoagiza kwa simu. Muuzaji anasema ni mizizi na majani tu, hakuna kemikali, na alimtumia picha ya cheti cha maabara. Sukari yake ya asubuhi ilikuwa 13 au 14 mmol/L, ndani ya siku nne ikashuka hadi 6. Anajisikia vizuri, ila usiku wa manane huamka na njaa na jasho jingi. Je, atumie zote mbili, au aanze kupunguza metformini kwa kuwa hii ya asili imeonyesha kufanya kazi?

JIBU: Kapsuli aache leo. Metformini aendelee nayo kama alivyoandikiwa, na aonane na daktari kesho, asisubiri tarehe yake ya kliniki. Hiyo njaa na jasho la usiku, ambavyo umeviandika mwishoni kama jambo la pembeni, ndivyo vilivyonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kumfikisha mtu huko. Kuna kitu kingine kinachoishusha, na ndani ya wiki tatu hizi kilichoongezeka ni kimoja.

Watu wengi hudhani ubaya wa bidhaa hizi ni kwamba hazifanyi kazi. Kama shida ingekuwa hiyo tu, ningesikitikia pesa zenu nikanyamaza. Ninayoiogopa ni ile inayofanya kazi upesi mno. Mimea ina nguvu, sibishani na hilo: hata historia ya metformini inaanzia kwenye mmea uitwao Galega officinalis. Lakini nguvu ya mmea hubadilika kwa udongo, kwa msimu, kwa namna ulivyokaushwa. Mtu mwenye kisukari cha miaka mingi, aliye kwenye dawa tayari, kushuka kutoka 14 hadi 6 kwa siku nne? Bila kupima kapsuli hizo siwezi kuapa, ila mtu wa fani yangu ya dawa akisikia hivyo anawaza kitu kimoja: kuna mtu amesaga vidonge vya dawa ya kawaida ya kisukari akavichanganya na unga wa majani.

Inayotumika mara nyingi ni glibenklamidi. Ni dawa halali, tunayo kwenye rafu, na ni rahisi kupatikana. Hulilazimisha kongosho kumwaga insulini, homoni inayoshusha sukari, mtu awe amekula au hajala. Kwa mzee, hasa ambaye figo zimeanza kuchoka, inaweza kuendelea kufanya kazi zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana tabu huja usiku, saa ambazo tumbo halina kitu. Daktari akiiandika hupima figo kwanza, huanza na dozi ndogo na kumwonya mgonjwa asiruke mlo. Mchanganyaji wa vichochoroni hapimi chochote. Kapsuli moja inaweza kuwa na robo kidonge, ya pili viwili.

Mwaka 2008 huko Singapore, zaidi ya watu 100 wasio na kisukari walilazwa hospitalini kwa sukari kushuka vibaya. Wengi wao walikuwa wanaume waliomeza bidhaa za kuongeza nguvu za kiume, na ndani yake ikakutwa glibenklamidi. Baadhi walikufa. Tena hao hawakuwa wakitafuta dawa ya sukari hata kidogo. Kwenye bidhaa za “asili” za kisukari imekutwa pia fenfomini, ndugu wa metformini. Fenfomini iliondolewa sokoni katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu ilijaza damu tindikali na kuua. Ukimeza hiyo pamoja na metformini, hatari inapanda juu ya hatari. Baba akianza kutapika, misuli kuuma na kupumua haraka haraka, ni hospitali moja kwa moja.

Cheti sasa. Hiki kinanichosha kuliko maneno ya muuzaji. Maabara hujibu swali ililoulizwa. Ukiiomba itafute bakteria, kuvu na madini ya risasi, itakuandikia kwamba hakuna bakteria, kuvu wala risasi. Haikuulizwa kama kuna glibenklamidi, haitaitaja. Na ilipima sampuli iliyoletwa na muuzaji mwenyewe. Kopo lililo mezani kwenu haikuliona. Wengine hutuma leseni ya biashara, nayo watu wanaisoma kama ushahidi wa tiba! Ushuhuda wa sauti usiuhesabu kabisa, maana aliyeishia kuzimia hatumi ujumbe wa kushukuru.

Usiku wa leo apimwe kabla ya kulala, na tena akiamka na jasho. Ikiwa chini ya 4 na yuko macho, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mpime baada ya dakika 15, mrudie ikiwa bado iko chini, kisha ale chakula. Halafu mpelekeni hospitali hata kama amechangamka, kwa sababu dawa ikiwa bado mwilini sukari itashuka tena baada ya saa kadhaa. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni. Kama anatumia pia dawa ya presha ya aina ya atenololi au propranololi, msisubiri atetemeke au moyo uende mbio. Dawa hizo huficha dalili hizo.

Akishaacha kapsuli, sukari itapanda. Tafadhali msiseme “unaona, ile ndiyo iliyokuwa dawa.” Itarudi pale ilipokuwa, na pale ilipokuwa hapakuwa pazuri: 13 asubuhi huku mtu anameza metformini maana yake matibabu yake yalihitaji kuangaliwa upya zamani. Mzee hakuwa mjinga kutafuta msaada, alikosea mlango tu. Daktari ampime HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, pamoja na figo. Baada ya hapo huenda akamwongezea dawa, na inaweza kuwa ndugu wa glibenklamidi, ila kwa dozi inayojulikana.

Ujanja huu hauishii kwenye kisukari. “Mitishamba” ya viungo inayoondoa maumivu kwa siku mbili imekutwa na steroidi, dawa ya uvimbe inayofanana na homoni ya mwili, na hiyo, kama umeitumia kwa miezi, usiiache ghafla bila daktari, kwa kuwa mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake. Za kupunguza unene zimekutwa na sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Za nguvu za kiume mara nyingi ni sildenafili, ambayo kwa anayemeza dawa za nitrati za maumivu ya kifua hushusha presha hadi mtu akaanguka.

Kopo na kapsuli zilizobaki msizitupe. Zipelekeni kwa daktari au mfamasia, na mtoe taarifa kwa mamlaka ya dawa ya nchi yenu ili zipimwe kwa swali sahihi. Mkilalamika kwa muuzaji, anaweza kuwa mpole ghafla na kuahidi kurudisha pesa yote mradi mumrejeshee kopo. Msimpe.