Swali la lugha: dawa ya filamu unaiyeyusha au unaizimua?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anajifunza kusafisha filamu za nyeusi na nyeupe kwa fundi. Fundi kamwambia "yeyusha dawa moja kwa tatu", yeye akajibu hapo si kuyeyusha ni kuzimua, fundi kakataa, eti kuzimua ni mambo ya walevi asubuhi. Nani yuko sawa?

Ndugu yangu uko sawa, ila na fundi ana sehemu yake. Chukua ID-11, dawa ya kusafishia filamu ya kampuni ya Ilford: inakuja unga, ule unga ukiutia kwenye maji ya moto ukakoroga mpaka chenga zote ziishe, hapo umeyeyusha. Sasa ikishakuwa maji afu ukaiongezea maji mengine ipungue makali, itayeyuka nini tena wakati ilishayeyuka? Hapo unaizimua. Kasimile ukiitia maji unaizimua, tembo kali ukilitia maji umelizimua, walevi wamelikuta neno lipo siku nyingi.

Na kuzimua sio kuharibu. Dawa nzima, isiyozimuliwa, ina sodiamu salfaiti nyingi, chumvi ambayo inalamba kingo za zile punje za fedha kwenye filamu ndo maana picha inatoka laini, ukiizimua salfaiti inapungua nguvu, punje zinaonekana zaidi kidogo lakini kingo za vitu zinakuwa kali, na wapo wanaoipenda hivyo. Ikishazimuliwa tumia mara moja, mwaga.

Mi kinachoniuma zaidi ni hiyo "moja kwa tatu". Chukua tangi la mililita 300: mmoja atasikia theluthi, atatia dawa 100 na maji 200, mwingine atatia dawa 75 na maji 225, na wote wameambiwa neno hilohilo! Ilford wenyewe wanaandika 1+3, na alama ya kujumlisha kabisa, yaani sehemu moja ya dawa jumlisha tatu za maji, kwa hiyo dawa ni robo ya mchanganyiko, sio theluthi. Na hapa dakika za kuiacha filamu kwenye dawa zinaharibika kweli, maana HP5 Plus, filamu yao ya nyeusi na nyeupe, kwenye ID-11 ya nyuzi joto 20 za Selsiasi ni dakika 7 na nusu kama haijazimuliwa, 13 ikiwa 1+1, 20 ikiwa 1+3. Taja sehemu zote mbili, acha "kwa".

Kitu kingine, huku kwetu maji ya kumwogesha mtoto nayo tunayazimua, ya moto kwa ya baridi, na maji ya bomba Tanga saa saba mchana unayajua yalivyo, kwa hiyo ukiambiwa tu "izimue kidogo" hujui kama ni makali au joto. La joto sema poza.

Kesho mwambie fundi hivi: "Jana niliiyeyusha, leo nimeizimua, dawa sehemu moja maji sehemu tatu, na nimeipoza mpaka 20."