Mkutano mkuu ukikwama, mgombea hupatikanaje?

Ndugu, umeuliza chama cha Marekani hufanya nini iwapo hakuna mgombea urais anayepata kura za kutosha katika duru ya kwanza ya mkutano mkuu. Kanuni yenyewe ni fupi: kura hurudiwa hadi mmoja avuke nusu ya wajumbe. Kwa chama cha Democratic, kuanzia duru ya pili wajumbe huwa huru kumhama mgombea wao, na viongozi wanaohudhuria kwa nyadhifa zao, ambao tangu mageuzi ya 2018 huzuiwa katika duru ya kwanza yenye ushindani, nao hupiga kura.

Mkwamo maarufu zaidi ni wa mkutano wa Democratic huko New York mwaka 1924, ambapo wagombea wawili wakuu, McAdoo na Al Smith, walizuiana kwa sababu wakati huo chama kilidai theluthi mbili ya kura, sharti lililofutwa 1936. John W. Davis, ambaye kambi zote mbili ziliweza kumvumilia, aliteuliwa katika duru ya 103, kisha akashindwa vibaya na Rais Coolidge wa chama cha Republican. Leo, kwa maoni yangu, mapatano kuhusu nafasi ya mgombea mwenza yangeumaliza mvutano huo mapema zaidi.