Eosinofili nyingi kwa mtoto mwenye pumu: ni pumu au minyoo?

Dada yangu wa Ujiji, nimekuelewa: karatasi ya vipimo vya damu ya mwanao mwenye pumu inaonyesha eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) 0.62, yaani seli 620 kwa kila maikrolita, nawe unauliza kama huo ndio ushahidi kwamba njia zake za hewa zimevimba.

Seli hizo nyeupe huongezeka njia za hewa zinapovimba kwa mzio, na madaktari wengi huzitilia maanani zikifikia takribani 300. Lakini kwetu huku, ambako watoto huoga ziwani na kucheza pekupeku, minyoo na kichocho huzipandisha vilevile, kwa hiyo mimi ningeanza na kipimo cha choo. Mwanangu alikutwa na minyoo, na pumu anayo bado. Mweleze daktari pia kama mtoto alimeza prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) siku za karibuni, kwani huzishusha upesi. Kipimo cha naitriki oksaidi katika pumzi, gesi inayoongezeka njia za hewa zinapovimba kwa mzio, kingesaidia, ila mashine yake ni adimu.

Usimwachishe dawa yake ya kuvuta ya kila siku kwa sababu ya namba. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, mpulizie salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa haraka, huku mkikimbilia hospitali.